SSD ya kompyuta ya nyumbani: ukiwa Lamu, agiza ipi?

Kama laptopu yako bado ina diski ngumu ya kuzunguka, acha habari ya kuongeza RAM kwanza. Weka SSD, diski ya chembe isiyo na kitu kinachozunguka. Laptopu nyingi majumbani mwetu, Mkomani, Langoni mpaka Shela, ni za mtumba kutoka ng'ambo, na hizo ndizo ninazoziandikia hapa.

Mtu wa Nairobi akinunua SSD isiyoingia kwenye mashine yake, anarudi dukani jioni ileile. Sisi mzigo unatoka Mombasa kwa basi, unashushwa Mokowe, unavushwa kwa boti. Kuurudisha ni nauli juu ya nauli. Ndiyo maana nimezipanga SSD hizi kwa kuuliza kwanza kama itaingia na kama itadumu. Kasi inakuja baadaye.

Ya kwanza: SATA ya inchi 2.5

SATA ni njia ya kuunganisha diski na kompyuta. Hii huingia palepale ilipotoka diski ya zamani: skrubu chache tu, na fundi yeyote anaiweza. Nyingi zina unene wa milimita 7, na huingia ndani ya ThinkPad T430 kwa mfano.

Watu huidharau kwa sababu SATA III, yenye gigabiti 6 kwa sekunde, inaishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na wameona tangazo la NVMe, SSD ya njia ya kasi zaidi, ya 3,500. Lakini zile ni namba za kusoma faili moja kubwa kwa mfululizo. Kompyuta ikiwaka, au ukifungua kivinjari, inaokota vipande vidogovidogo vya kilobaiti 4. Vikisomwa kimoja kimoja, diski ngumu haifikishi hata megabaiti 1 kwa sekunde, SATA hutoa kama 30 hadi 40, na NVMe ya kawaida 50 hadi 80. Kuruka kutoka diski ngumu kwenda SATA utakuhisi kila siku. Kutoka SATA kwenda NVMe, wengi wetu tungehitaji saa ya kupimia.

Tafuta yenye chembe za TLC (kila moja hushika biti tatu) na DRAM yake yenyewe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, kama Samsung 870 EVO au Crucial MX500. Ile 870 EVO ya gigabaiti 500 imewekewa dhamana ya kuandikwa terabaiti 300. Kingston A400 ya 480, isiyo na DRAM, ni 160. Kwa mwanafunzi wa sekondari A400 inatosha, tena inabaki.

Ya pili: NVMe ya M.2

M.2 ni umbo la kadi nyembamba. Ikiwa laptopu yako ina mlango wake, chukua hii bila kusita, hasa kama unahariri video za harusi au picha za mashindano ya majahazi. NVMe hupitia njia iitwayo PCIe, yenye vizazi: PCIe 3.0 hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde, PCIe 4.0 hufika 7,000, na kadi ya 4.0 hufanya kazi kwenye mlango wa 3.0 kwa kasi ya mlango huo. Nunua iliyo rahisi kwa bei kati ya hizo mbili.

Mtego uko kwenye umbo. M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe zote zina upana wa milimita 22 na mara nyingi urefu wa 80, na kuna milango inayokubali moja tu. Kadi ya SATA kwa kawaida ina pengo mbili kwenye meno, ya NVMe pengo moja, ila pengo peke yake si ushahidi kamili. Fungua mfuniko, piga picha mlango na jina kamili la modeli, umtumie muuzaji kwa WhatsApp kabla ya kulipa. Muulize pia kama ni TLC au QLC (kila chembe hushika biti nne). Baadhi ya QLC, ukinakili faili nyingi mfululizo, huporomoka mpaka chini ya kasi ya diski ngumu.

Ya tatu: ya nje, kwa USB

Nzuri kwa kubeba kazi, basi. Kwenye mlango wa USB 2.0 haitavuka megabaiti 40 au zaidi kidogo.

Usiitegemee kuhifadhi picha za familia kabatini. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, huitaka SSD ya nyumbani, ikishamaliza kiasi chake cha kuandikwa, itunze data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. Wakati wa kaskazi vyumba vyetu huzivuka hizo. Diski ngumu uliyoitoa itie kwenye kasha la USB, iwe ya akiba.

Ya mwisho: PCIe 5.0

Baadhi hupita megabaiti 14,000, na hupata moto mpaka zijipunguze kasi zisipopozwa. Kwa joto la huku na kazi za nyumbani, ni pesa ya bure.

SSD ya terabaiti 16 kwa bei ya viatu ni ya bandia, hata kama muuzaji ni jamaa yako. Ya kwako ikifika, ijaribu kabla ya kuhamisha kitu: programu ya H2testw itaonyesha kama ukubwa ni wa kweli, na ile ya CrystalDiskInfo itaonyesha saa ilizowashwa, ambazo kwa mpya zinakaribia sifuri. Hapohapo ukisoma SATA/300 kisha SATA/600, mlango wa laptopu ni wa SATA II, kizazi cha kabla ya SATA III. SSD haina kosa; itaishia megabaiti 280 hivi, na bado diski ngumu haitaiona vumbi.