TAHADHARI: Peji za "bei ya jumla Kariakoo" zinazowinda hela ya korosho Mtwara na Lindi

Ndugu wa kusini, kabla hujatuma hata shilingi ya nauli ya mzigo kwa peji ya Facebook inayouza pikipiki, bati, friji au simu kwa "bei ya jumla", fungua kwanza historia ya majina ya peji hiyo. Ni kazi ya dakika mbili na haimalizi bando. Mara nyingi utakuta duka lenye wafuasi 80,000 linalojinadi kwamba lipo Kariakoo miaka na miaka lilizaliwa kama peji ya mashabiki wa mpira, au ya dua na sala, au ya udaku wa wasanii. Jina la duka limebandikwa juzi tu.

Na hiyo juzi haikuchaguliwa ovyo. Minada ya korosho huanza Oktoba, na baada ya mnada hela ya mkulima inaingia benki kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika. Kuanzia hapo mpaka mwaka mpya, Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyamba, Ruangwa, Nachingwea na Liwale kuna watu wengi wenye hela mkononi kwa mara moja, na wengi walishapanga tangu wakati wa kupuliza salfa kwamba msimu huu ni bati au pikipiki. Tapeli anajua kalenda hiyo kama mnavyoijua nyinyi. Facebook inamruhusu anayelipia tangazo kuchagua eneo anakotaka lionekane, kwa hiyo tangazo la "ofa maalum kwa wakulima wa korosho" linaweza kuwekwa lionekane Mtwara na Lindi peke yake. Kuliona kwenye simu yako kuna maana moja tu: kuna mtu kalipia. Kwamba duka lipo kweli, hilo hakuna aliyekwenda kulikagua.

Hizo peji hazikuzwi kwa kuuza bidhaa. Zinakuzwa kwa kuwachokoza watu. "Andika AMINA usipite bila kumwombea huyu mtoto." "Simba weka 1, Yanga weka 2." Klipu ya mtu amefumaniwa, yenye maandishi "nani mwenye makosa hapo?" Watu wanagombana humo siku tatu, wanatukanana makabila na dini, na kila komenti inaisukuma peji mbele ya macho mapya. Mfumo unahesabu komenti. Haubagui ya baraka na ya matusi. Peji ikifika wafuasi elfu hamsini au laki moja, mwenye nayo anaiuza kama anavyouza kiwanja. Mnunuzi anafuta machapisho ya zamani, anabadili jina na picha, anaweka namba ya WhatsApp, na wafuasi wote wanabaki. Yule mama aliyeandika Amina kwa mtoto mgonjwa anahesabiwa sasa kuwa "mteja" wa duka la friji. Hata picha ya mtoto huwa imeibwa kwa wazazi wasiojua lolote.

Kukagua ni hivi. Ingia kwenye peji, gusa Kuhusu, au vile vinukta vitatu, kisha tafuta palipoandikwa Page transparency na ubonyeze uone yote. Hapo pana tarehe peji ilipoanzishwa, majina yote iliyowahi kutumia na tarehe za kubadilishwa, mara nyingi nchi waliko wanaoiendesha, na kama ina matangazo ya kulipia kwa sasa. Duka halali linaweza kubadili jina mara moja, tuseme limeongeza neno "Tanzania" au limepanuka kutoka simu hadi vifaa vya nyumbani. Duka lililokuwa "Maajabu ya Dunia", likawa "Kandanda Leo", na Septemba likawa muuza pikipiki, hilo achana nalo hata kama bei inakutoa machozi. Kwenye Instagram gusa jina la akaunti juu kabisa, au vinukta vitatu, ufungue About this account. Akaunti kubwa nyingi huonyesha pale mwezi na mwaka zilipofunguliwa na idadi ya majina zilizowahi kutumia.

Tiki ya bluu isikutoe kwenye uangalizi. Tangu Novemba 2022 X (zamani Twitter) inaiuza kwa malipo ya kila mwezi, na kampuni ya Meta ikafuata mwaka 2023 kwa Facebook na Instagram. Halafu akaunti halisi nayo huvamiwa: Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye X iliingiliwa na ikarusha taarifa za uongo. Ya duka la mtaani itashindikana vipi?

Sehemu inayowaponza wengi ni komenti. Mtu anashuka chini ya tangazo, anakuta "Asanteni nimepokea mzigo wangu Masasi", "Mungu awabariki, mimi wa Kilwa nimepata", na hakuna hata mmoja anayelalamika. Anasema moyoni, kama wangekuwa wezi watu wangeshapiga kelele. Kelele zinapigwa, ila huzioni. Mwenye peji anaruhusiwa kuweka orodha ya maneno, na komenti yoyote yenye maneno hayo inafichwa papo hapo. Akishaweka "tapeli", "wezi", "matapeli", "hela yangu", basi. Na ukatili wake uko hapa: komenti iliyofichwa bado inaonekana kwa aliyeiandika na kwa marafiki zake. Mtu aliyeibiwa anaandika onyo, analiona lipo, anaamini ameshawaokoa wengine, kumbe halionwi na mgeni yeyote. Ukitaka kujua kama onyo lako linaonekana, mpe mtu ambaye si rafiki yako wa Facebook aifungue peji kwa simu yake atazame. Na wewe mnunuzi, badili mpangilio wa komenti kutoka zile zilizochaguliwa kwenda komenti zote, kisha fungua wasifu wa hao wanaoshukuru. Ukikuta wasifu hauna rafiki, una picha moja, na umeshukuru maduka matano tofauti ndani ya wiki moja, unajua umefika wapi.

Picha za bidhaa nazo zina maneno yake. Soma namba za pikipiki: ya kwetu huanza na MC, ya Kenya huanza na KM. Muuzaji anayesema yuko Msimbazi, Kariakoo, na picha zake zote zina pikipiki za KM ameziokota mtandaoni. Ipitishe picha kwenye Google Lens uone imetumika wapi kwingine. Bora zaidi, mwombe akupigie simu ya video akiwa dukani, aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya tenki, kisha ashushe kamera akusomee namba ya chesesi. Mwenye duka aliye dukani hachukui dakika tano kufanya hivyo. Tapeli atasema mtandao unasumbua, au bosi haruhusu, au atakukasirikia kwamba unamchelewesha na wateja ni wengi.

Sasa mtego wenyewe. Hawaombi bei ya pikipiki, na hilo ndilo linalowatoa watu wasiwasi. Tangazo linasema "malipo baada ya kupokea mzigo", wewe changia nauli ya basi tu, tuseme 45,000. Unaona mwenye kupoteza ni yeye. Ukituma, jioni unapokea picha ya risiti ya mzigo yenye jina lako. Ikuze hiyo picha utazame vizuri: mara nyingi jina lako na namba yako vimeandikwa kwa wino au herufi tofauti na sehemu nyingine, namba ya gari haipo au imefunikwa na kidole, na namba ya risiti ni ile ile aliyotumiwa mtu wa Nachingwea wiki iliyopita. Asubuhi inapiga namba nyingine, sauti nyingine, nyuma yake muungurumo wa gari: "Mimi kondakta, niko na mzigo wako hapa Ikwiriri, askari wamesimamisha gari, mzigo hauna bima, tuma 68,000 tuachiwe." Ukituma, inakuja ya risiti ya kodi. Ukituma, inakuja ile mbaya kuliko zote: "Umetuma kiasi pungufu, mfumo umekataa, tuma tena kamili kwa mkupuo ile ya kwanza irudi yenyewe." Hakuna mfumo wa malipo duniani unaorudisha hela kwa kuongezewa hela. Na barabara yetu inawapa visingizio vya bure. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mawasiliano yalikatika kweli maeneo ya Somanga, na tangu hapo neno "daraja limekatika" linaaminika haraka sana.

Dawa yake ni ofisi ya basi. Waambie hao wauzaji wakupe jina la kampuni ya basi, namba ya gari na namba ya risiti, kisha usipige namba waliyokupa wao. Piga ile iliyochapwa kwenye tiketi ya zamani, ya kwako au ya jirani, au nenda mwenyewe. Ukiwa Mtwara mjini ofisi ziko stendi ya Mkanaledi; ukiwa Masasi au Lindi nenda stendi yenu. Kama mzigo umepakiwa kweli, upo kwenye orodha yao ya mizigo.

Jina la anayepokea hela lisomwe kabla ya kuweka namba ya siri, maana simu inakuonyesha. Duka linajiita kampuni, jina linalokuja ni la mtu binafsi, nao wanakuambia "huyo ni keshia wetu". Keshia wa duka la kweli ana Lipa Namba yenye jina la duka. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), ukaguzi wake unafanyika kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz, na ulinganishe jina la muuzaji kwenye risiti na jina la Lipa Namba. Yakipishana, simama hapo hapo.

Lakini hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu tunaona magrupu ya WhatsApp ya huku yanavyowaka mtu akishaibiwa. Jina linalotokea kwenye muamala mara nyingi silo la tapeli. Ni la mtu aliyesajiliwa laini bila kujua: alikwenda kusajili laini moja kwa wakala wa mwamvuli, akaambiwa "kidole hakijasoma, weka tena", na kidole cha pili kikasajili laini nyingine iliyouzwa. Ile picha ya WhatsApp ya binti aliyevaa fulana ya duka nayo ni ya kuibwa. Ukisambaza jina na sura hiyo kwenye magrupu na maneno "huyu ndiye mwizi", unaweza kuwa unamwangamiza mama wa watu asiyejua hata Facebook, huku tapeli akikutazama amestarehe. Kila mmoja apige *106# leo aone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako uikane.

Kwa aliyeshatuma hela, dakika za mwanzo ndizo zenye maana. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwape namba ya muamala na uombe hela izuiwe. Ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, uwezekano upo. Usimtukane tapeli wala usimbloku kwanza. Akijua umeshtuka atakuzuia wewe usiione peji, na ushahidi utakuwa umekwenda. Piga skrinshoti za mazungumzo yote tangu mwanzo, tangazo, risiti bandia, na ule ukurasa wa historia ya majina. Nakili kiungo cha peji na ile Page ID, namba ndefu iliyopo hapo hapo kwenye historia: jina litabadilika kesho, namba haibadiliki. Ujumbe mfupi wa kitapeli uupeleke 15040 na ufuate maelekezo yatakayorudi. Kisha nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), hata kama ni 45,000. Wanachagua viwango vidogo makusudi ili kila mmoja aone aibu kulalamikia hela ya nauli, wakati ulaghai wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 bila kujali ukubwa wa kiasi.

Ukishalalamika hadharani, watakuja wengine kukufuata inboksi: "Pole sana, mimi pia niliibiwa, kuna kaka wa kitengo cha mtandao alinirudishia zote, mcheki namba hii." Huyo kaka ataomba ada ya kufungua faili. Usimjibu.

Na ukiandika onyo lako kwenye grupu la kijiji au la AMCOS, weka mambo haya tu: kiungo cha peji, Page ID, majina yake ya zamani na tarehe zake, namba za simu zilizokupigia, na maneno waliyotumia kuomba kila awamu ya hela. Jina la aliyesajiliwa laini mwachie polisi.