Cha Kuweka Kati ya Kaa na Udi Badala ya Foili: Kuanzia Bora hadi cha Kukimbia

Nyumba inayofukizwa kila wiki humaliza roli la foili kabla jikoni hakujalihitaji. Unakata kipande, unakikunja mara mbili, unakiweka juu ya kaa la moto kwenye chetezo, kile chombo cha kufukizia, unatia udi. Baada ya saa moja kimetoboka katikati, sukari ya udi imegandia na kuwa nyeusi tii, na kinakwenda jalalani. Ijumaa nyingine, kipande kingine. Ikiwa kuna harusi ndiyo usiseme, maana chetezo hakishuki mikononi mwa watu mpaka bibi harusi atoke.

Wavuta shisha wana tatizo hilohilo, na wengi wamehamia kwenye vifaa vya chuma vinavyotumika tena. Sisi wa chetezo tumebaki nyuma, ingawa mbadala tunao majumbani mwetu. Nimezipanga hapa kwa mapenzi yangu, kuanzia ninayoipendekeza kwa yeyote hadi ile ambayo nikiikuta kwenye chetezo cha mwenzangu naomba iondolewe.

Lakini tuelewane kwanza hicho cha katikati kina kazi gani. Kaa lililokolea lina joto linaloweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi. Udi hauhitaji hata nusu ya hapo. Udi wa mti, yaani vile vipande vya Aquilaria vinavyotoka India na Asia ya Kusini-Mashariki, hubeba utomvu ambao hutoa harufu yake tamu ukipashwa polepole. Ukitupwa kwenye moto mkali unanuka kuni. Udi wetu wa kupika ndio mgumu zaidi. Una sukari, marashi, sandali, miski na mafuta ya manukato, na sukari huanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 160 hivi. Ikipita hapo sana, manukato yote uliyonunua kwa bei mbaya yanafunikwa na harufu ya sukari iliyoungua. Foili ni nyembamba mno kuzuia hilo. Tena aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, ndiyo maana kaa likipata upepo kidogo foili hutoboka na udi huangukia motoni.

Kwa hiyo tunatafuta kitu kinachopunguza ukali wa moto, kisichovuja, kisicho na harufu yake chenyewe, na kinachosafishika.

Namba moja kwangu ni kigae. Nasema kigae cha chungu kilichovunjika, au cha mtungi, au cha chungu cha maua kisichopakwa rangi wala dawa ya kung'arisha. Hakuna dukani kinachokishinda kwa udi wa kupika. Udongo uliochomwa hupokea joto taratibu na kulitoa taratibu, hivyo udi hauungui upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mbichi. Chagua kipande kilichotoka tumboni mwa chungu, mahali penye mviringo, kwa sababu kile kibonde chake kinashika sukari inapoyeyuka isichirizike. Ukubwa uzidi kaa kidogo kila upande, unene usipite sentimita moja. Kingo zisugue kwenye jiwe au sakafu ya saruji mpaka zisikate mkono.

Kiangalie kinavyofanya kazi. Dakika chache za mwanzo hutaona kitu, na mwenye haraka atadhani kaa limezimika. Halafu ukingo wa donge la udi unaanza kung'aa, unalainika, vipovu vidogo vinatokea chini yake, na moshi unapanda mwembamba, mweupe unaoelekea ubuluu. Huo ndio moshi unaoutaka. Ukiona umekuwa mzito, wa kijivu, unaowasha macho, kisogeze kigae pembeni ya kaa kwa koleo, usingoje.

Kina masharti mawili. Kiwe kikavu kabisa, kwa sababu kigae kilicholowa kikipata moto wa ghafla hupasuka na vipande huruka. Na usikioshe kwa sabuni, kwani udongo hunywa sabuni na utafukiza sabuni wiki nzima. Kikichafuka kiweke kitupu juu ya makaa yanayowaka vizuri, nje, mpaka ule weusi uteketee, kisha ukwangue majivu yake. Usidanganyike na vigae vya sakafuni au sahani za kauri zilizong'arishwa. Hizo hupasuka kwenye moto, na ile ng'aro ya vyombo vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Namba mbili ni bamba la ulanga, ambalo wauzaji wengi huliita mika. Kwa anayefukiza udi wa mti pekee, huyu nampandisha namba moja. Ulanga ni madini yanayobanduka kwa matabaka membamba kama kurasa, hauungui, hautoi harufu, na moto hauubabaishi kirahisi. Ndiyo maana nyaya za pasi na majiko ya umeme za zamani zilizungushiwa humo. Milima ya Uluguru ilichimbwa ulanga tangu zama za Wajerumani. Wajapani, katika sherehe zao za manukato, hufukia kaa ndani ya majivu, huweka kibamba cha ulanga juu, kisha kipande cha udi kisichozidi punje ya mchele. Hakuna moshi unaoonekana, ila chumba kizima kinanukia.

Vibamba vilivyotengenezwa kwa ajili ya uvumba vinauzwa mitandaoni, vidogo, vya mraba, vingine vikiwa na ukingo wa chuma. Nunua vyenye ukingo kama mikono yako si mitulivu, kwa sababu vile vitupu hukatika pembeni. Ukitaka cha kutengeneza, nenda kwa fundi wa maikrowevu. Ndani ya maikrowevu kuna karatasi ngumu ya rangi ya fedha au kahawia inayofunika tundu la mawimbi, nayo ni ulanga. Fundi huwa nazo kwa kubadilishia, na hukatwa kwa mkasi wa kawaida. Omba mpya, si ile iliyoungua mafuta ya kuku. Hizi za maikrowevu zimeshikanishwa kwa gundi, kwa hiyo mara ya kwanza zitatoa moshi na harufu. Zichome nje mpaka harufu iishe, halafu zitumie juu ya majivu, zisiguse kaa lililo wazi. Kwa sababu hiyo vile vya ulanga mtupu ni bora zaidi, bei ikikuruhusu.

Udi wa kupika, ule wenye sukari, juu ya ulanga sikushauri. Sukari ikigandia, ukijaribu kuibandua unabandua na tabaka la bamba lenyewe.

Majivu nimeshayataja na yanastahili heshima yao, ingawa si kitu cha kununua. Chekecha majivu ya mkaa kwa chujio la chai, mwaga kwenye chetezo, funika kaa kwa tabaka jembamba na uache tundu dogo juu lipate kupumua. Unene wa tabaka ndio kipimo chako cha moto: ongeza likizidi, punguza likipoa. Ubani na udi wa mti huweza kuwekwa karibu na lile tundu bila kitu kingine. Yanatumika tena na tena, na kila kaa linaloisha linakuongezea mengine. Lakini ubani ukiyeyuka hugandana na majivu na itabidi uchekeche upya, na udi wa kupika ndio usiujaribu kabisa.

Namba tatu ni kisahani cha stenlesi. Hiki nawapa wale wenye wageni mlangoni na muda hawana, kwa sababu hupata moto upesi na huoshwa kwa maji ya moto na steliwuli kikarudi kama kilivyokuwa. Huhitaji kununua kilichoandikwa "cha udi". Kijibakuli kidogo cha kachumbari, kifuniko cha kikopo cha viungo, hata kijiko kikubwa kilichokatwa mpini, vinatosha. Kwa kuwa chuma hupitisha joto haraka, kinyanyue kisilalie kaa: pinda vijiguu vitatu, au kikalishe juu ya vijiwe kwenye ukingo wa chetezo, kiachane na kaa kwa upana wa kidole. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo inayofanya kazi ambayo kwenye kigae inafanywa na udongo.

Unaponunua nenda na sumaku. Stenlesi nzuri ya vyombo, ile yenye kromiamu na nikeli, kwa kawaida haishikwi na sumaku, au hushikwa kwa unyonge. Sumaku ikishika kwa nguvu inaweza bado kuwa stenlesi ya bei nafuu, lakini pia inaweza kuwa bati lililopakwa, na hilo hulitaki. Muulize muuzaji wazi kabisa: "Kaka, hii ni stenlesi tupu au imepakwa?" Akibabaika, rudisha.

Chujio la chai la waya, ambalo wavuta shisha hulisifu, kwenye chetezo halitusaidii. Udi wa sukari na ubani vyote huyeyuka na kudondoka kwenye matundu. Labda kwa vipande vikubwa vya udi wa mti, basi.

Chetezo cha umeme nimekitenga kwa sababu hakina kaa kabisa, lakini kwa ndugu zetu walio kwenye ghorofa za Dubai, London au Toronto, wenye ving'amua moshi darini, huenda ndicho pekee kinachowafaa. Sharti moja tu: kiwe na kirekebisha joto. Vile vya kuwasha na kuzima tu hupanda moto kupita kiasi, na baada ya muda udi wote unanuka sawa. Angalia pia kama kisahani chake kinatoka. Kisipotoka, hutaweza kukisafisha, na udi wa leo utanuka wa mwezi uliopita. Maduka ya soko la Mutrah kule Muscat yana aina tele, pamoja na vyetezo vya udongo vya Dhofar vilivyopakwa rangi, ambavyo ni vizuri sana kama utavitumia pamoja na majivu.

Sasa vya kukimbia. Bati la kuezekea, au waya wa mabati, usiweke kamwe juu ya kaa. Limepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali hutoa mvuke unaoleta homa, kifua kubana na kutetemeka; mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri homa hiyo. Kopo la soda lililokatwa ni aluminiamu ileile ya foili, isipokuwa lina wino nje na utando wa plastiki ndani, na vyote viwili vitaungua ndani ya pua yako. Vifuniko vya makopo ya maziwa na nyanya navyo vina utando, na vingine vina bati jeupe linaloyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Kioo hupasuka. Wavu wa dirishani wa mbu mara nyingi ni plastiki au umepakwa zinki, kwa hiyo nao uache.

Mkaa wenyewe pia uangaliwe, kwa sababu kigae kizuri hakiokoi kaa baya. Vile vidonge vya kuwaka haraka vyenye cheche vina chumvi ya kuwashia. Vingoje mpaka cheche ziishe na uso wote uwe wa kijivu, la sivyo harufu ya baruti itaingia kwenye kanga na buibui unazofukiza. Mkaa wa vifuu ndio ninaoupenda, hukaa muda mrefu na hauna harufu, ila huchukua muda kukolea, basi uwashe kwanza kwenye jiko nje. Na mlango au dirisha liwe wazi muda wote kaa likiwa ndani. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na manukato ya udi hayaiondoi. Chumba alicholala mtoto mchanga au mwenye pumu kifukize akiwa hayumo, kisha toa chetezo nje, acha moshi utoke, ndipo arudi.