OpenRadioss: Nishati ya Mgongano Inakwenda Wapi?

Tangu kampuni ya Altair ilipotoa programu ya OpenRadioss kwa leseni huria mwezi Septemba 2022, mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuiga mgongano wa miili inayobadilika umbo bila kulipa chochote. Mimi niliipima kwa swali moja tu: je, inatunza vizuri hesabu ya nishati?

Mfano wangu ulikuwa bomba la chuma la mraba lenye kuta nyembamba, lililogongwa na uzito wa kilo 100 uendao kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, yaani jouli 5,000 za nishati mwendo ambazo hazina budi kuonekana mahali fulani hadi mwisho. Programu inapokokotoa, huchapisha nishati ya ndani, nishati mwendo, kazi ya nje na, kwangu hili ndilo bora kuliko yote, kosa la jumla la nishati kwa asilimia. Bomba linapojikunja mkunjo baada ya mkunjo, unaona nishati mwendo ikishuka huku ya ndani, ambayo sehemu yake kubwa ni ya chuma kilichobonyea bila kurudia umbo lake, ikipanda.

Katika jaribio la kwanza kosa liliteremka taratibu hadi asilimia hasi 12. Uzembe ulikuwa wangu: nilichagua elementi (vijisehemu vidogo vinavyounda modeli) zenye nukta moja ya ukokotoaji, ambazo huhitaji nguvu bandia za kuzizuia zisipindane ovyo, na nishati inayomezwa na nguvu hizo haiingizwi katika nishati ya ndani. Nilipohamia elementi za aina ya QEPH, ambazo hazina upotevu huo, sehemu kubwa ya pengo ikazibika, na kilichobaki kilitokana na msuguano kati ya mikunjo inayogusana. Kosa chanya linalozidi kukua lingenitia hofu zaidi, kwa kuwa maana yake ni nishati inayozaliwa pasipo chanzo.

Linaloudhi ni kwamba mgawanyo wa nishati kwa kila kipande hauonekani usipouagiza mapema katika faili la modeli. Ukisahau, unarudia ukokotoaji wote. Faili la matokeo nalo halisomeki hadi uligeuze kuwa CSV, yaani jedwali la maandishi, kwa kifaa kinachokuja na programu, na picha hutazamwa katika programu nyingine iitwayo ParaView. Anayetarajia kuchora modeli humo humo itambidi atafute programu nyingine ya kuandalia wavu wa elementi.