Opresheni: utaratibu mmoja wa kuandikwa au kila daktari na njia yake?

Huu mjadala hapa Mombasa hauishi, mara mgonjwa aambiwa asiguse hata maji tangu usiku, mara hospitali ya pili yamwambia maji matupu anywe mpaka masaa mawili kabla ya kulazwa usingizi, sasa watu wauliza, bora hospitali zote zifuate utaratibu mmoja ulioandikwa, au kila daktari aamue mwenyewe?

Kwa usalama naona utaratibu washinda. Chekilisti ya upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2008, yaani orodha ya kuhakikisha kabla na baada ya opresheni, ina vitu 19, na ilipojaribiwa hospitali 8 duniani, moja ikiwa Ifakara Tanzania, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wala si mashine mpya, ni kuulizana tu: mgonjwa ndiye huyu? Wampasua wapi? Antibayotiki ashapewa? Vitu rahisi vyaokoa watu wetu.

Gharama pia, manake utaratibu ukitaka mtu ainuliwe atembee mapema na ale mapema, siku za wadi zapungua, na bili ya kitanda ndiyo yaumiza familia. Ila kuna kufundisha manesi na watu wa theta (chumba cha upasuaji), na pasipokuwa na wa kufuatilia yabaki kutiki visanduku tu.

Daktari kuamua mwenyewe kwashinda pale mgonjwa ana sukari, figo na presha pamoja, hapo karatasi haitoshi, ingawa chekilisti bado haiachwi.

Kwa hivyo kama ni ngiri ya kupangiwa tarehe, ulizia hospitali yenye utaratibu. Maradhi yakiwa yamechanganyika, tafuta daktari mzoefu, na akiuacha utaratibu akwambie kwa nini.