Antena ya helikali kwenye nguzo ya kupimia: uzoefu wangu wa miezi minane

Kazi yangu ni kupima mashamba na viwanja wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kwa miaka mitatu nilitumia kipokezi cha setilaiti cha masafa mawili ya mawimbi pamoja na antena bapa ya seramiki, ile ya kisanduku kidogo cheusi chenye sumaku chini yake. Miezi minane iliyopita niliibadilisha nikafunga antena ya helikali, yaani yenye nyaya nne zilizosokotwa kuzunguka silinda, na ninaandika haya kwa ajili ya wapimaji wenzangu wanaofikiria kufanya hivyo.

Kilichonisukuma ni michungwa. Ndani ya shamba la michungwa iliyokomaa, kipokezi changu kilichukua muda mrefu kutoa jibu lenye usahihi wa sentimita, na mara mbili kilitoa jibu lililopishana na jiwe la mpaka kwa zaidi ya nusu mita, huku kioo kikionyesha kwamba vipimo ni sahihi. Jibu la namna hiyo ni la hatari kuliko kukosa jibu kabisa, kwa kuwa mpaka ukisogea nusu mita majirani waliokuwa wakisalimiana vizuri hufikishana kwenye baraza la ardhi. Nilikilaumu kipokezi na nilikuwa karibu kununua kingine, hadi mpimaji mmoja aliyenitangulia katika kazi aliponishauri nianze na antena.

Ushauri wake una msingi. Setilaiti za GPS zipo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na mawimbi yake yanapotufikia ni dhaifu kiasi cha kuzidiwa na kelele ya joto iliyomo ndani ya chombo chenyewe. Kipokezi huyachambua kwa hesabu, lakini kile ambacho antena imeshindwa kukikusanya hakuna programu inayoweza kukirudisha. Pili, mawimbi hayo hutumwa yakiwa yanazunguka upande wa kulia. Yakigonga bati au ardhi yenye maji, sehemu kubwa hugeuka na kuzungukia kushoto. Antena iliyoundwa vizuri hupokea ya kulia na kuyakataa ya kushoto, na hivyo hupunguza mwangwi ambao humfanya mpimaji aonekane yupo mahali asipokuwapo.

Kabla ya kuisifu antena mpya, ni haki niseme kwamba ile ya zamani niliitumia vibaya. Antena bapa hutegemea bati lililo chini yake: bila bati, umbo la upokeaji wake huharibika na hata masafa iliyolenga huhama kidogo. Watengenezaji hudhani itakaa juu ya paa la gari, nami nilikuwa nimeifunga juu ya nguzo ya mbao. Fundi bati alinikatia duara la chuma lenye kipenyo cha sentimita 15, nikaiweka juu yake katika kiwanja cha mpira kilicho wazi, na nguvu ya mawimbi ya setilaiti zilizo juu ikapanda kutoka desibeli-hetsi 38 hadi 43 (kizio cha nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele; kikubwa ndicho bora). Antena ya helikali, mahali palepale na saa ileile, ilinipa 45. Kwa hiyo sehemu kubwa ya faida niliyodhani ningeilipia kwa fedha nyingi niliipata kwa kipande cha chuma, na yeyote anayefanya kazi mahali pa wazi aanze na hicho.

Tofauti ya kweli ilionekana michungwani. Helikali haihitaji bati, ni nyepesi juu ya nguzo, na ilizishika vizuri zaidi setilaiti zilizo chini angani, ambazo ndizo zinazopatikana pale majani yanapoziba utosi wa anga. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba iliyapokea kwa usawa masafa yote mawili, megahetsi 1575.42 na 1227.60, ilhali antena yangu ya zamani ilikuwa dhaifu sana katika hayo ya pili. Muda wa kusubiri jibu umepungua kutoka dakika nyingi hadi chini ya dakika moja katika sehemu nyingi za shamba. Tangu hapo sijapata jibu la uongo hata moja katika mawe ninayoyarudia kuyahakiki, ingawa chini ya miembe mikubwa bado ninasogea pembeni na kupima kwa utepe.

Malalamiko yangu makubwa ni kuhusu muuzaji, ambaye hakunipa jedwali la kitovu cha upokeaji, yaani ile nukta ambayo kipimo huhesabiwa kutoka kwake, na ambayo hutofautiana kwa milimita kadhaa kati ya masafa na masafa. Nilifanya jaribio langu: niliizungusha antena katika pande nne juu ya jiwe moja, dakika kumi kila upande, na majibu hayakupishana kwa zaidi ya sentimita moja kwa mlalo. Kwa mipaka ya mashamba inatosha. Kwa kazi ya kimo, kama mifereji au barabara, nisingeitumia bila jedwali hilo.

Kebo pia itazamwe. Kikuza mawimbi kimo ndani ya antena na hupata umeme kupitia kebo hiyohiyo, kwa hiyo upotevu unaofuata baada yake hauumizi sana, lakini kebo nyembamba ya mita 10 niliyoanza nayo ilipunguza nguvu waziwazi. Sasa ninatumia ya mita moja na nusu.

Kuna jambo moja ambalo antena hii haikulitibu. Nikiacha kituo changu cha marejeo, yaani kipokezi kinachokaa juu ya nukta inayojulikana ili kusahihisha vipimo, kikirekodi baada ya jua kutua, hasa mwezi wa Machi na wa Septemba, mawimbi hupepesuka na kukatika kwa sababu ya misukosuko ya ayonosfera, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, karibu na ikweta. Kwa hiyo, vipimo vinavyohitaji usahihi ninavimaliza kabla ya saa kumi na mbili jioni.