Shawa ya umeme Kisumu: kifaa ni kizuri, fundi unayepewa nacho ni wa kubahatisha

Shawa yenyewe haina neno. Zile za Brazil za wati 5,500 zinazouzwa hadwea nyingi mjini hupasha maji papo hapo, na koili ikiungua unabadilisha koili tu. Nyota nne. Huduma ya kufungiwa ndiyo inapata mbili, na hapo tumeipendelea. Muuzaji akishakupa boksi, anamwita kijana aliyekaa kibarazani: "Huyu ni fundi wetu, atakufungia leo leo." Hakuna anayekwambia huyo amefundishwa wapi.

Fundi anayeijua kazi huuliza kabla ya kufungua mkoba. Maji ni ya mfereji au ya kisima? Tangi liko juu kiasi gani? Waya uliopo ni wa ngapi? Huyu wa kupewa dukani, mara nyingi, anaomba stuli tu.

Tuanze na waya. Wati 5,500 kwa volti 240 ni karibu ampia 23. Waya wa 2.5 (milimita za mraba) uliovutwa kwa ajili ya soketi, ukiwa umefungiwa kwenye paipu ndani ya ukuta, unachemka kwa mzigo huo kila asubuhi. Tumia 4 kwenda juu. 6 kama boksi la stima liko mbali au shawa ni ya wati 7,500. Laini iwe ya shawa peke yake, yenye breka yake (ampia 32 kwa ile ya 5,500) na swichi inayokata nyaya zote mbili. Viungo viwe vya kauri, kwa sababu vya plastiki huyeyuka. Swichi ikianza kugeuka kahawia, waya umelegea au ni mwembamba. Na breka ikiruka kila mara, fundi mbovu huweka kubwa zaidi. Hapo ameugeuza waya kuwa fyuzi, ndani ya ukuta wako.

Hatari kubwa zaidi ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Koili ya shawa nyingi za aina hii imezama kwenye maji yenyewe, haina ganda. Stima inayovuja kupitia maji lazima iwe na njia ya kushuka ardhini, la sivyo njia ni mtu anayeoga. Kuna mafundi wanaoukata na kuufunika kwa tepu. Wengine huuzungusha kwenye shingo ya bomba, wakaukaza vizuri kwa koleo, unaonekana kazi safi kabisa. Mazoea hayo ni ya enzi za mabomba ya chuma. Nyumba mpya za Mamboleo, Riat na Kanyakwar zina PPR, plastiki tupu, kwa hiyo waya huo hauendi popote. Unatakiwa urudi kwenye boksi la stima, na boksi hilo liwe limeungwa kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Ukishika mfereji ukahisi mtekenyo, zima breka, usioge.

Upande wa maji, kisima chenye chumvi kinahitaji shawa iliyotengenezwa kwa maji hayo. Ya kawaida huvujisha stima zaidi na koili haidumu. Tangi likikaa chini mno, maji hayana nguvu ya kuinua mpira wa ndani unaogusanisha stima. Shawa inawaka na kuzima, viguso vya stima ndani yake vinaungua. Tope likiziba matundu, matokeo ni yale yale. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, maji yapite dakika nzima bila stima. Koili ikiwashwa kavu huungua kwa sekunde chache, kisha duka linasema kosa ni la fundi, na fundi hapokei simu.

Mafundi wazuri wapo. NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina kituo hapa hapa Kisumu na hupima ufundi kwa gredi, na kisheria kazi hii ni ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kwa hiyo omba kuiona. Cheti hakimalizi yote. Wapo wa soko la Kibuye waliojifunza kwa mikono wanaofunga vizuri kuliko wenye makaratasi. Tofauti utaiona mwishoni mwa kazi: anapima waya wa ardhi kwa mita, si kwa testa ya bisibisi, anabonyeza kitufe cha T kwenye breka ya kuzuia mshtuko, na inaruka. Kama boksi lako halina breka hiyo, ya miliampia 30, atakwambia uinunue kabla hajagusa shawa. Asiyefanya hayo, shikilia salio lake.