Glovu ya kunyoosha vidole baada ya kiharusi: uzoefu wangu, na yule dogo wa dukani Arusha

Msinunue. Naanza na hilo ili mwenye haraka aondoke nalo, ingawa huko mbele huenda nikajipinga, maana hasira zangu siku hizi hazitulii. Naandika kwa dole gumba la kushoto, makosa ya herufi mtanivumilia.

Mimi ni konda. Nilikuwa konda. Miaka kumi na tisa Moshi–Arusha kwenye Kosta, mkono wa kulia umejaa noti: za elfu kumi nimezikunja kwa urefu kati ya kidole cha shahada na cha kati, za elfu tano zinafuata, kisha za buku mbili na buku, na sarafu kiganjani nazichezesha ili abiria anayejifanya amelala asikie kwamba anadaiwa. Asubuhi moja, baada ya Pasaka hivi, hatujafika hata Bomang'ombe, noti zikaanza kuanguka. Naokota, zinaanguka. Mama mmoja akasema, "Konda amelewa." Sikuwa nimelewa. Ilikuwa presha. Dawa niliambiwa nimeze kila siku, mimi nilikuwa nameza nikisikia kichwa. Na si kwamba sikuonywa: kwetu Hai wataalamu walipita miaka ya 2003 hadi 2006 wakihesabu wanaopata kiharusi, huko kwetu na Dar es Salaam, nami nikawa nacheka kwamba hayo ni mambo ya wazee.

Mshipa uliziba upande wa kushoto wa ubongo, ukazimika upande wa kulia wa mwili. Mguu umerudi, nachechemea kidogo. Mdomo umerudi, tena nyumbani wanasema umerudi na nyongeza. Mkono ndio umegoma.

Kwa ambaye hayajamfika: mkono huu haulegei tu ukabaki hivyo. Wangu mwanzoni ulikuwa kama tambara la kufutia meza, halafu wiki zikapita ukaanza kujikunja, vidole vikaingia kiganjani. Kufumba ngumi naweza kidogo. Kufumbua ndiyo kazi. Asubuhi mama watoto ananifungua kidole kimoja kimoja kwa maji ya uvuguvugu ili asafishe kiganja, maana kinavunda jasho na kucha zinachoma. Ndiyo maana shemeji yangu alipoona kwenye simu video ya glovu inayofungua vidole yenyewe, akatuma laki mbili na ushee bila kuuliza mara mbili.

Duka ni la vifaa tiba, Arusha. Silitaji. Tulikwenda kwa Kosta ya wenzangu, nauli wakakataa, wakanikalisha kiti cha mbele kama mchungaji, mimi niliyezoea kuning'inia mlangoni nikiita Usa, Tengeru, mjini. Nilifika nikiwa na furaha.

Dogo wa dukani hakuniangalia. Alimwangalia mama watoto. "Mama, mgonjwa anasikia?"

Nikajibu mwenyewe kwamba nasikia. Akaendelea naye hukohuko: "Mgonjwa ana sukari? Mgonjwa akae hapa." Akanishika mkono akanivalisha glovu kama anayemvalisha mtoto soksi. Sasa, kuna jambo dada wa fizio, yule anayenifanyisha mazoezi ya viungo, alishanieleza: mtu wa kiharusi akipandwa na hasira au akijikaza, misuli ya upande uliopooza nayo inakaza yenyewe. Basi hapo kwenye kiti cha plastiki nikapandwa, na mkono ukajikunja ngumi ile ya kisawasawa, ndani ya glovu.

Dogo akapiga makofi. "Umeona, mama? Hata hatujawasha, mgonjwa ameshaanza kukunja!"

Ilikuwa hasira, kijana. Ulikuwa unaitazama hasira yangu ukaiuza.

Nyumbani sasa. Kuna kiboksi chenye pampu ndani, kinachajiwa kama simu, na mipira membamba mitano inayokwenda kwenye mirija ya mikunjomikunjo juu ya kila kidole. Ikipuliza, mirija inarefuka na vidole vinakunja. Ikivuta hewa, mirija inafupika na vidole vinanyooka. Usiku wa kwanza viliponyooka vyote vitano niliona kiganja changu chote bila mtu kukishikilia, mistari yake yote, na nikamwita mtoto aje aone. Sitadanganya, nililia. Halafu kuna ile glovu ya pili ya mkono usiougua, ukikunja kushoto na kulia kunakunja. Hiyo niliipenda mno, nikawa nahesabu noti za hewani kwa mikono miwili.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa naivaa huku natazama mpira. Dada wa fizio alinikuta na kisa hicho akanigombeza sawasawa: glovu ikifungua na wewe fungua, peleka akili kwenye kidole, vinginevyo anayefanya mazoezi ni pampu, wewe umekaa tu. Ilinichoma, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakihisi bila kukisema. Mkono huu unatii pampu. Unatii hasira. Unatii hata mwayo, ndiyo, nikipiga mwayo mkono unanyanyuka wenyewe, na Jumapili moja kwenye mnada baada ya ibada nilipiga mwayo nikauziwa mkungu wa ndizi kwa elfu ishirini na tano. Kila kitu unakitii, isipokuwa mimi.

Mwezi wa pili, au wa tatu mwanzoni, kidole cha shahada kikasusa. Vinne vinanyooka, chenyewe kimebaki kimepinda, kama kinamwita mtu aje. Nikasogeza sikio: pssss. Mpira umepasuka palepale unapoingia kwenye kidole, ufa mwembamba kama unywele. Kikivuta, kinavuta hewa ya nje. Basi. Kitu cha laki mbili kimeshindwa na ufa huo, na ni kidole kilekile kilichokuwa kinashika noti za elfu kumi.

Nikapiga simu dukani. Nikaeleza vizuri kabisa. Kumbuka ulimi wangu bado unakwama kwenye baadhi ya maneno, lakini nilieleza.

"Nipe anayemhudumia mgonjwa," akasema.

Nikamwambia mgonjwa ndiye anayeongea. Kimya. Halafu: "Sawa mzee, basi mpe simu anayekuhudumia."

Nina miaka arobaini na nane. Nimeshusha walevi usiku Kikatiti, nimegombana na trafiki, nimetukanwa na abiria wa kila kabila, na hakuna neno lililowahi kunikaa kifuani kama hilo. Mama watoto alipopokea akaambiwa warantii haihusu mipira na kwamba mgonjwa atakuwa ameivuta. Mgonjwa! Hata jina langu lilikuwepo kwenye risiti.

Kwa hiyo msinunue, narudia.

Ila sikilizeni. Nilikipeleka kwa fundi wa friji hapa Majengo. Hakuuliza kama nasikia. Aliniuliza, "Kaka, hii inavuta au inapuliza?" Nikamwambia vyote viwili. Akakata sehemu yenye ufa, akaunga kwa kipande cha mpira wa dripu, akafunga na uzi wa viatu, akatia gundi, akachukua buku mbili. Inafanya kazi mpaka leo, na kidole hicho ndicho kinachonyooka vizuri kuliko vyote. Sasa naivaa nusu saa jioni, televisheni imezimwa, natazama kidole na kidole kinanitazama.

Na juzi, glovu ikiwa kwenye chaji, mama watoto alinichomekea noti ya buku kati ya kidole cha shahada na cha kati, kwa utani, kama zamani. Akaivuta. Ikakwama. Kidogo tu, labda kwa muda wa kusema "shusha", halafu ikatoka. Tukarudia mara nne. Mara mbili ilikwama. Fizio anasema ni mazoezi, mama watoto anasema ni maombi, glovu yenyewe haijasema kitu.

Basi nunueni, lakini si kabla fizio hajaushika mkono wenu akawaambia unafaa. Na kabla hamjatoa hela, jaribuni kila mpira kwa sikio. Au msinunue, tafuteni kwanza mtu wa kuwasugua na kuwanyoosha kila siku, hilo halina chaji. Nabadilika, najua. Siku mkono ukiamka umekaza nataka niitupe mto Karanga, siku ukiamka laini naibusu.

Uzi wa viatu umeanza kulegea, na fundi anasema angepata mpira wake halisi ingekuwa bora. Jumamosi nakwenda Arusha kuuulizia palepale dukani. Nimemwambia mama watoto abaki nyumbani.